Kila Mahali Nilichagua Upande Wangu

Asifiwe mwanangu,

Mambo ya safari nimemwachia mama yako. Yeye ndiye anayejua sweta iko wapi, chapati za njiani zifungwe na nini, na ile karatasi ya kuvukia mpaka uiweke mfuko gani. Tangu asubuhi anaingia na kutoka chumbani kwako, na kila akitoka ana kitu kipya cha kusukumia ndani ya sanduku. Nikiongeza na sauti yangu hapo utachanganyikiwa bure. Kwa hiyo mimi nimejipa kazi ya kukuandikia.

Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe uko Mapendo kwa shangazi yako, unasukwa, na ninavyomjua shangazi kwa maneno, hamtamaliza kabla ya saa kumi na mbili. Umeme umekatika. Kompyuta ya dukani imeishiwa chaji kwa kazi ya asubuhi, ndiyo maana naandika kwa mkono kwenye daftari. Utanisamehe hati. Mtu aliyepiga kibodi miaka kumi na tano anasahau herufi zinavyoshikana.

Jumapili tulipotoka kanisani uliniambia njiani, polepole, mama yako asisikie: "Papa, sema tu neno moya. Ukisema nibakie, minabakia. Sitakasirika hata kidogo." Nikajifanya natafuta funguo mfukoni. Ukweli ni kwamba neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sikunyamaza kwa sababu nina moyo mkubwa. Nilinyamaza kwa sababu mama yako aligeuka akatutazama, nikaona haya. Tangu siku hiyo nakula bila kusikia ladha ya chakula, maana kesho unaondoka na swali lako sijalijibu.

Najua unachofikiri. Unafikiri Papa hataweza peke yake. Duka moja Mabanga, shule sita zinazotumia programu yetu ya buletini, zile karatasi za alama za wanafunzi, na mtu mmoja tu zaidi yangu anayeijua ile programu ndani na nje, yaani wewe. Unafikiri ukienda utaniacha nimenaswa.

Nimenaswa kweli, sitakudanganya. Uwanja wa ndege umenyamaza. Benki zimefunga milango. Barabara ya kaskazini ina mahali ambapo mtu hapiti bila kujieleza kwa watu wenye bunduki, nyuma yetu kuna mlima wa moto, mbele kuna ziwa, na mpaka unafunguliwa kwa saa wanazotaka wao. Pasipoti yangu imekwisha muda. Koko yako, mama yangu mzazi, hataki hata kusikia neno kuhama. Kwa hiyo nazunguka Mabanga na Keshero, Keshero na Mabanga, mpaka viatu vimeijua njia kuliko mimi. Kuna asubuhi nafungua duka, naketi, na kifua kinanibana tu, bila ugonjwa. Lakini kunaswa huku hakukuanza na vita, na si wewe uliyekuleta. Nilianza kunaswa mwenyewe, kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta, na ndiyo habari ninayotaka uisome kabla hujavuka.

Unakumbuka uliponiuliza branshi ni nini? Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Ulikuja dukani na yunifomu yako, ukanichungulia begani, ukaona neno hilo kwenye kioo cha kompyuta. Nikakueleza kwa kiburi cha fundi. Nikasema programu ni kama daftari. Ukitaka kujaribu kitu bila kuchafua daftari la darasa, unalinakili lote kwenye daftari jingine, unaandika humo unavyotaka, na hilo la pili ndilo tawi. Ukaridhika, ukaomba soda.

Baada ya miaka miwili ukarudi kunifundisha. "Papa, haiko vile." Ukachukua kalamu. Ukanieleza kwamba kila tunapohifadhi kazi, chombo chetu cha kutunzia programu kinaandika hatua moja: nani kaifanya, kwa nini, na imefuata hatua gani. Tawi si nakala ya kitu chochote. Ni jina tu lililobandikwa kwenye hatua ya mwisho, na ukipiga hatua nyingine jina linasogea nayo. Ukasema, "Branshi iko jina tu, Papa. Haiko nyumba." Nilicheka, nikamwambia mama yako kwamba mtoto huyu atatuuza sokoni tukiwa macho. Ila moyoni lilinichoma, maana nilikuwa nimefanya kazi miaka yote nikiamini tawi ni nyumba yangu, nina mlango wangu, na hakuna atakayeingia kunipangia viti.

Kambale ndiye aliyeianzisha programu pamoja nami. Unamjua kwa jina na kwa hasira, kwa hiyo acha nimweleze upya. Tulisoma pamoja, kisha miaka miwili tuligawana meza moja pale Mabanga, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Baba yake alipofariki alirudi kwao Butembo, akabaki huko kuangalia wadogo zake. Tukapatana kuendelea kutoka mbali. Kila mmoja angefanya kazi kwenye tawi lake, na kila Jumamosi tungeunganisha kazi zetu kwenye shina, ile programu kuu inayokwenda shuleni.

Miezi ya kwanza tulifanya hivyo. Halafu mtandao ukawa wa kuotea, nikaanza kuruka Jumamosi moja, mbili. Nilisema ni mtandao, lakini siku moja Kambale aliniambia kwenye simu kwamba sehemu yangu ya kuchapisha buletini ni nzito, inachosha mashine. Alikuwa sahihi. Nikanuna. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Juni nikakaa kwenye tawi langu, sikuunganisha hata mara moja. Yeye kila Jumamosi alituma hatua zake kwenye shina kwa uaminifu, na mimi kila Jumamosi nilisema nitaziangalia kesho.

Wewe unajua kinachotokea hapo. Chombo kinapounganisha matawi mawili, kwanza kinarudi nyuma kutafuta hatua ya mwisho ambayo watu hawa wawili walikuwa bado pamoja. Kutoka hapo kinauliza: huyu amebadili nini, na yule amebadili nini? Penye mabadiliko ya mmoja tu, kinayachukua bila maneno. Lakini wote wawili wakiwa wamegusa mstari uleule, kinasimama. Kinakuonyesha wa kwako na wa mwenzako, mmoja juu ya mwingine, kisha kinangoja. Hakichagui. Kinataka mtu asome. Kama tungeunganisha kila wiki kingesimama mara mbili, mara tatu, tukapigiana simu, tukacheka.

Mimi nilingoja hadi siku moja kabla ya proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo. Shule zote sita zilikuwa zinangoja buletini. Nikaleta hatua za Kambale, na chombo kikasimama mahali zaidi ya mia. Prefe, mkuu wa shule yenu, akapiga simu: "Papa Asifiwe, batu bananiuliza, niwaambie je?" Nikasema saa mbili tu, prefe. Nikasoma mgongano wa kwanza, wa pili, wa tano. Nikaona nimefungiwa chumbani na mwaka mzima wa mtu mwingine, kila mstari unanidai nikiri kwamba sikumsikiliza. Na kuna amri moja fupi, unaijua, inayosema: kila mahali penye mgongano, chukua upande wangu. Nikaiandika. Nikabonyeza. Ikachukua muda wa kukohoa. Mashine ikachapa hadi jioni na mimi nikajiona mjanja.

Upande wa Kambale ulikuwa na nini? Mwaka ule ndio watoto walikuwa wakifika katikati ya masomo kutoka Rutshuru na Masisi, wanapokelewa na ndugu zao huku Mabanga, wanaingia darasani mwezi wa pili bila alama za muhula wa kwanza. Programu yangu ilikuwa inajua kitu kimoja tu: pasipo na alama, weka sifuri. Kambale alikuwa ameliona jambo hilo Butembo, kwa watoto waliotoka upande wa Beni, akalitengeneza. Mtoto ahesabiwe kwa vipindi alivyofanya, visivyokuwepo viachwe. Kwenye hatua hiyo aliandika maelezo kwa Kiswahili, kama kawaida yake, na mimi nilizoea kumcheka kwa hilo: "Mtoto aliyekimbia asihesabiwe sifuri." Yalikuwa yamekaa kwenye shina tangu mwezi wa tatu. Sikuyasoma.

Kesho yake ulikuwa uani shuleni na wenzako wote. Nakuandikia unachokijua kwa sababu nataka ukisome kutoka kwangu. Prefe alisoma majina na asilimia mbele ya wazazi, na kila aliyepita alimwagiwa puda nyeupe kichwani, watu wakipiga vigelegele. Mimi nilisimama karibu na geti. Zawadi, mliyekaa naye benchi moja tangu alipofika kutoka Rutshuru, alikuwa amevaa viatu vyako vya zamani. Mama yake alikuja na kopo jipya la puda, ameshaondoa karatasi ya kifuniko. Jina la Zawadi lilikuja mwisho kabisa, kwa wale walioanguka, na asilimia zake zikasomwa kwa sauti ileile. Wote kumi na mmoja waliokimbia vita walisomwa hapo, mmoja baada ya mwingine. Mama yake alilirudisha kopo kwenye mfuko, akamshika mwanawe mkono, wakapita mbele yangu kutoka nje.

Ulifika nyumbani na puda kwenye nywele, unalia. "Papa, inawezekana je? Zawadi ananipitaka mu hesabu! Sasa njo wanasema ameanguka?"

Nikaenda dukani. Sikuhitaji hata saa moja kuona. Nikarudi, nikaketi mbele yako, nikakutazama usoni, nikasema: "Iko Kambale. Njo aliandika vibaya."

Sentensi hiyo, Asifiwe, ndiyo iliyonifungia.

Siku iliyofuata nilifanya baya zaidi. Nilijua historia ya hatua inaonyesha kila kitu: nani aliandika sawa, nani alifuta, siku gani, saa ngapi. Kwa hiyo nililazimisha hazina yetu ya pamoja, ile ya mtandaoni tunakohifadhi kazi, ipokee historia yangu kama ilivyo na kutupa iliyokuwa nayo. Mwaka mzima wa Kambale ukatoweka hapo. Kuunganisha kwangu kwa kipumbavu nako kukatoweka. Ukabaki mstari mmoja ulionyooka, safi, kana kwamba nilikuwa peke yangu siku zote. Halafu nikaenda kwa maprefe nikawaambia kuna hitilafu ndogo, watoto waliokimbia tuwahesabie kwa mkono. Buletini mpya zikatolewa ofisini kimyakimya wiki iliyofuata. Zawadi alikuwa na asilimia sitini na nane. Lakini yeye na mama yake walikuwa wameshahama, hakuna jirani aliyejua wameelekea wapi, na karatasi ile ilibaki kwenye droo ya prefe. Ulimtafuta likizo nzima. Nilikusindikiza mara tatu kumtafuta, nikiuliza watu kama mtu asiyejua chochote.

Kambale alinipigia simu. "Muzee, naona kazi yangu ya mwaka muzima haiko tena. Njo wewe ulifuta?" Nikasema mtandao umeleta matatizo. Akasema, "Haina neno. Niko nayo yote huku kwangu, kila hatua. Siku utaitaka, uniombe." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Miaka minne sikumwomba. Na mwaka mpya ule alipopiga kutusalimu, nikakupa simu, ukakataa kuishika, ukasema mtu yule aliharibia Zawadi maisha. Nilikusikia. Nikaendelea kunywa chai.

Sasa tuje kwako. Ulipopata diplomu yako na kuanza kazi dukani, kitu cha kwanza ulichofanya ni kufungua tawi ukaliita zawadi. Hukuniambia sababu, na mimi sikuuliza. Ukatengeneza upya, kutoka mwanzo, kile ambacho Kambale alikuwa amekitengeneza na mimi nimekitupa. Ukaniomba niunganishe na shina. Nikasema bado, tujaribu kwanza. Ukajaribu. Nikasema bado. Mwaka mzima nimesema bado, na shule zimeendelea kuhesabu kwa mkono, na wewe ulidhani kazi yako ina kasoro usiyoiona. Haina. Niliogopa kwamba siku ya kuunganisha utarudi nyuma kwenye historia kutafuta ile sifuri ilitoka wapi. Na kulikuwa na sababu ya pili, ya aibu zaidi: nilijua tawi hilo likiwa linaning'inia hutaondoka ukaliacha.

Na bado sijafika mwisho. Mwaka jana wale watu wa Kampala, wa kampuni ya programu uliyoiomba kazi, hawakukunyamazia. Walikujibu. Waliandika kwenye anwani ya duka, na mimi ndiye niliyefungua kwanza. Walikutaka, wakakupa wiki tatu za kujibu. Nikaisoma mara mbili, nikaihamishia kwenye faili la ankara za wino wa printa, mahali ambapo hutazami kamwe. Wiki tatu zikapita. Ulipouliza nikasema nadhani hawakuandika. Ukasema, "Haina shida, Papa," ukaingia jikoni ukatwanga majani ya muhogo, ukapika sombe. Nikala sombe ile. Nikakusifu kwamba imeiva vizuri. Mwaka huu uliwaandikia tena kwa anwani yako mwenyewe, na sijui kama ulikuwa umehisi kitu au Mungu alikuongoza tu.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza wiki nzima, na jibu ni fupi kuliko nilivyotaka. Niliogopa kubaki peke yangu na nilichofanya. Nilitaka mtu wa kunaswa naye, nikakuchagua wewe kwa kuwa ulikuwa karibu na unanipenda.

Jumatatu, siku moja baada ya swali lako, nilikwenda Keshero kwa koko. Mtandao wa kule ni afadhali, ukisimama pale kwenye ukuta wa nyuma. Nikampigia Kambale. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, na alipopokea ikanipotea yote.

"Kambale, naomba kazi yako," nikasema.

"Ya mwaka gani?" Alijua vizuri. Alitaka niseme.

"Ule nilifuta. Nikamwambia mutoto wangu njo wewe uliharibu."

Nikasikia watoto wakicheza kwake. "Hiyo ya mutoto sikuijua," akasema. "Njo maana alinikatalia simu." Halafu: "Ngoja nitafute chaja."

Imenifikia kwa vipande vipande, siku tatu, kila mtandao uliporuhusu. Haikupungua hatua hata moja. Unakumbuka ulivyonifundisha kwamba kila mwenye nakala ana historia nzima, si kipande? Nilidhani nimeifuta, kumbe nilikuwa nimeiondoa mahali pamoja tu, na kwa Kambale ilikuwa salama.

Nikauweka mwaka wake na tawi lako mahali pamoja, nikaanza kuunganisha. Chombo kikasimama mahali arobaini na kitu. Safari hii nilisoma. Kila mgongano. Ndiyo maana umeniona wiki hii na macho mekundu, ukamwambia mama yako labda ni vumbi. Mahali pengi wewe na Kambale mmeandika karibu kitu kimoja, watu wawili ambao hamjawahi kusalimiana. Mahali pamoja mmeachana. Kambale anahesabu vipindi alivyofanya mtoto, basi. Wewe umeongeza kwamba mtoto ambaye alama zake hazijakamilika jina lake lisisomwe uani. Aitwe ofisini na mzazi wake, waelezwe. Nikamsomea Kambale kwenye simu. "Wa mutoto njo muzuri," akasema bila kusita. "Tubakize wa mutoto. Wangu utoe." Tukabakiza wako. Ile sehemu yangu ya kuchapisha tumeiondoa kabisa, na mashine inapumua sasa. Ucheke tu, unayo haki.

Leo asubuhi nimeliingiza tawi lako kwenye shina. Hatua za Kambale ziko humo na jina lake na tarehe zake za zamani. Na mimi nimeongeza hatua moja isiyobadilisha mstari wowote, ina maelezo tu: "Nilifuta kazi ya Kambale. Watoto kumi na mmoja walitangazwa kuwa wameanguka kwa sababu yangu, si yake." Jina langu liko mbele yake. Kila atakayeichukua programu hii ataipata pamoja na maneno hayo, na wewe utayapata kwenye kompyuta yako mara utakapofika penye mtandao. Nilidhani nitaona aibu nikibonyeza. Niliona aibu kweli. Lakini kifua kililegea kidogo, na hicho ndicho kitu pekee kilicholegea mwaka huu.

Kuhusu duka, basi, ondoa wasiwasi. Mimi na Kambale tunaanza tena Jumamosi zetu, hata kama mtandao utaturuhusu dakika kumi. Duka halikuhitaji. Mimi ninakuhitaji, tena sana, lakini hiyo si sababu ya wewe kukaa.

Huko Kampala watakupa tawi lako siku ya kwanza, na watakuwepo watu wa kukuambia kazi yako ni nzito. Sina mengi ya kukushauri, mimi ndiye mfano wa asiyefanya. Kama utaona wiki mbili zimepita hujampelekea mtu kazi yako aione, jiulize umenuna kwa nini. Na ukigombana na mwenzako, kabla hamjalinganisha nani amesema nini, tafuteni siku ya mwisho mliyokuwa bado pamoja, muanzie hapo. Mimi na Kambale tulianzia siku ya mazishi ya baba yake. Ilitusaidia.

Nilitaka nikupe barua hii kesho pale mpakani, nikuambie uifungue njiani, ukifika Kigali. Mama yako, niliyemwambia yote jana mchana akalia kisha akanipiga na kitambaa cha jikoni, amesema hapana. "Utamufichia tena? Asome akiwa hapa, akiwa na nafasi ya kukupigia kelele." Amesema kweli. Kwa hiyo naiweka kitandani kwako sasa hivi, kabla hujarudi. Simu yangu naiacha juu yake. Kambale anajua utampigia, na amesema atakaa karibu na simu. Mpigie yeye kwanza.

Halafu njoo kwangu. Huenda utakuwa na hasira usiyowahi kuwa nayo, na sitajitetea. Hilo siliogopi sana. Ninachoogopa ni moyo wako, kwa sababu naujua: utanisoma hapa, utaona mzee mmoja aliyefungiwa na mambo yake mwenyewe, utanionea huruma, na utafungua sanduku uanze kutoa nguo. Usizitoe. Uliniomba neno moja Jumapili, nalo ni hili: nenda. Na kesho pale mpakani, nikishika begi lako nikaanza kusema jingine, livute uvuke.

Afadhali uvuke umenikasirikia kuliko ubaki unanihurumia.

Niko sebuleni.

Papa